Kibofu cha Mama Nuru

Felisiani aliegesha gari lake la Noah mbele ya duka la Lukmani, akafuta vumbi la kioo cha mbele kwa kiganja, kisha akaingia. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2014, na mvua zilikuwa zinakatika Kasulu.

"Mwakeye, mzee."

"Mwakeye, Felisiani. Umesikia kwamba mwanangu Nurudini anaoa Kibondo?"

"Nimesikia. Lini?"

"Mwisho wa Shaaban, kabla ya mfungo. Nataka gari lako lichukue wanawake. Wako saba."

"Sita," alisema Tunu. Tunu alikuwa dada yake Lukmani, mjane, na kiti chake cha kila siku dukani humo kilikuwa gunia la mchele lililo karibu na mizani. "Mama Nuru hawezi safari. Au tunafichana?"

Faudhia, ambaye ndiye huyo Mama Nuru, mkewe Lukmani, alikuwa nyuma ya pazia linalotenganisha duka na ua. Alikuwa ametoka chooni na alikuwa anafunga kanga yake upya. Alisikia kila neno. Alibeba trei ya chupa za achari alizokuwa ameziacha hapo, akapita pazia, akaanza kuzipanga kwenye rafu.

"Niko hapa, wifi. Niseme mbele yangu."

"Nakusema mbele na nyuma. Muulize Felisiani mwenyewe. Si yeye aliyekupeleka msibani Muyama?"

Felisiani alitazama funguo zake. Hakupenda kuingizwa katika maneno ya wanawake wa nyumba moja, na alihitaji kazi ile.

"Sisemi kwa ubaya," alisema. "Siku ile tulisimama sana. Abiria mmoja aliniuliza kama gari ni bovu."

"Ukamjibu nini?" aliuliza Faudhia.

"Nilimwambia ni bovu, mama. Ningesema nini?"

Tunu alicheka hadi akapiga gunia. Lukmani naye alitabasamu, akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Saba," alisema Lukmani. "Tutaongea bei ukirudi kesho."

Jambo lililokuwa kati ya sita na saba halikuwa kiti cha gari. Katika nyumba ya akina Lukmani, ambao babu yao alikuja Kasulu na nguo za madukani kutoka Tanga, begi la zawadi za bibi harusi halipelekwi na kukabidhiwa tu. Mama wa bwana harusi huketi mkekani mbele ya wanawake wa upande wa pili, akalifungua mwenyewe, akatoa kitu kimoja kimoja, akakiinua, akasema ni nini na ni kwa nini. Hainuki hadi begi liwe tupu. Akiinuka katikati, wenyeji huhesabu kwamba amewadharau au kwamba kuna kitu anakificha. Mama asipokuwepo, shangazi hufungua. Shangazi wa Nurudini alikuwa Tunu, na Tunu alikwisha kushona gauni.

Faudhia alikuwa na mtoto wa kiume mmoja. Mwingine wa kumfungulia begi hakuwepo. Na kwa mwaka mzima hakuwahi kukaa mkekani kwa muda wa kusomwa maulidi bila kuinuka mara tatu.

*

Achari yake ilijulikana. Ndimu zilitoka Muyama kwa baiskeli, akazipasua, akazitia chumvi, akazianika, kisha akazichanganya na pilipili na siki. Alifundishwa na mama yake, na mama yake hakuwa na kipimo kingine ila ulimi. Siku ya kutengeneza, Faudhia alionja tangu asubuhi: kijiko kwa kila chungu, akatema mbegu, akaongeza chumvi, akaonja tena. Mchana kinywa chake kilikuwa kimekufa ganzi na bado alionja.

Maumivu yalipoanza, yalianza kama ya kila mwanamke: kuungua, kwenda chooni, kutoka, kurudi. Kijana wa duka la dawa alimpa vidonge. Vilipokwisha, akampa vingine vya rangi tofauti. Wanawake wa jirani walimpa ushauri ambao mji mzima uliujua, kwamba ndimu huosha kibofu. Kila alfajiri baada ya sala alikamua ndimu mbili kwenye glasi ya maji ya moto, akanywa bila sukari, macho ameyafumba. Alipoona maumivu hayapungui, alikamua tatu.

Mara mbili kijana wa duka la dawa alimwambia dozi hii haifai kwa mtu mmoja, aje na mwenzake. Lukmani alikwenda. Alimeza vidonge vyake pale pale kaunta, maji ya kuazima, nyuma yake wamesimama watu wawili wanaonunua sukari kwake kila siku. Kabla ya Ijumaa Tunu alikuwa amejua, na alipomkuta Faudhia anaanika kanga uani alimwambia taratibu, kama mtu anayetoa pole, "Maradhi ya huko chini hayaji yenyewe, wifi. Mmoja wenu ameyaokota."

Jioni ya siku aliyokuja Felisiani, Faudhia alimwekea mumewe wali na samaki wa migebuka, akakaa mkabala naye.

"Baba Nuru, nikuulize, na unijibu kabla hujala. Ukienda Kigoma kuchukua mizigo unalala wapi?"

"Kwa Gharibu. Unajua nalala kwa Gharibu."

"Gharibu ana mke na watoto na nyumba ya vyumba viwili."

"Nalala sebuleni." Lukmani alisukuma sahani. "Sasa na mimi nikuulize. Mwaka mzima nimetaka kukuuliza hivyo hivyo. Mimi nikiwa Kigoma, wewe unakuwa wapi?"

"Chooni," alisema Faudhia.

Alisema kwa hasira, lakini lilikuwa jibu la kweli, na wote wawili walilitambua kwa wakati mmoja. Lukmani alicheka kwanza. Kisha akavuta sahani yake, akala. Alipomaliza alisema wangekwenda hospitali ya wamisionari, siyo duka la dawa, wakapeleke mkojo uoteshwe ionekane kama una wadudu, na watakalokutana nalo watakutana nalo pamoja.

*

Daktari aliitwa Theodosia. Alikuwa binti wa kijiji cha Kitanga aliyesoma Dar es Salaam na kurudi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliwaita wote wawili ndani, akafunga mlango ambao haukufunga vizuri, akausukuma kwa mguu wa kiti.

"Tumeuotesha mkojo mara mbili, wiki hii na iliyopita," alisema. "Hakuna kilichoota."

"Dawa zimeshaua wadudu?" aliuliza Lukmani.

"Mama hajameza dawa kwa majuma matatu. Kama wadudu wangekuwepo, wangeota. Hawapo. Nimepima na magonjwa ya zinaa kwa nyinyi wawili. Hayapo. Nimepima sukari ya damu, iko sawa. Nimemwangalia kwa picha, hakuna jiwe wala uvimbe."

Lukmani alisogea kwenye kiti. Alitamani mlango ule uwe wazi na Tunu awe amesimama nje.

"Kwa hiyo siumwi?" alisema Faudhia. Sauti yake ilikuwa na woga. Kuambiwa haumwi kungekuwa kubaya kuliko kuambiwa anaumwa.

"Unaumwa. Una mchochota wa kibofu. Nyama ya ndani imevimba na inawaka, bila mdudu. Ndiyo maana vidonge vya kuua wadudu havikusaidia. Ulikuwa unapiga nyumba ambayo mwizi hayumo."

"Sasa kama hakuna mdudu, inawaka kwa nini?"

Daktari alifikiri jinsi ya kusema. Alikuwa na desturi ya kutosema zaidi ya anachojua, na hili alilijua nusu, kama walivyolijua wote.

"Unapika bamia?"

"Napika."

"Ute wa bamia unaujua. Ukuta wa ndani wa kibofu nao umefunikwa kwa utando wa namna hiyo, mwembamba sana. Umetengenezwa kwa protini, na juu ya protini hizo imepachikwa minyororo ya sukari. Siyo sukari ya dukani kwenu, ni jamaa zake. Minyororo ile ndiyo inayoshika maji na kuzuia mkojo usiguse nyama. Watafiti wamechunguza vibofu vya watu wenye maumivu kama yako. Kwa baadhi yao wameikuta minyororo imebadilika. Mingine mifupi kuliko inavyotakiwa, mingine imekosa kipande cha mwisho. Utando ukiwa hivyo, unavuja. Mkojo unapenya na kuunguza."

Faudhia alisikiliza kwa umakini alioutumia kusikiliza bei.

"Nani ameikata?"

"Hilo ndilo swali."

"Hamjui?"

"Hatujui. Hatujui hata kama minyororo ikibadilika ndipo kibofu kinawaka, au kibofu kikiwaka ndipo minyororo inabadilika. Na kwako wewe siwezi kusema imebadilika, kwa sababu kipimo chake hapa hakipo. Kwingine nako ni cha utafiti tu. Ninachoweza kusema ni kwamba dalili zako zinafanana na zao."

Lukmani alishusha pumzi. Alikuwa amezoea watu wanaouza kitu wakiwa na uhakika wote nacho. Kusikia msomi akisema hajui kulimtia mashaka kwanza, kisha kukamtuliza.

"Niambie unachokula na kunywa," alisema daktari. "Tangu unaamka."

"Naamka naswali. Nakunywa ndimu."

"Ndimu kiasi gani?"

"Tatu. Kwa maji ya moto. Za kuosha kibofu."

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Halafu?"

"Chai ya tangawizi. Halafu kama ni siku ya achari, naonja."

"Achari ya nini?"

"Ndimu na pilipili."

"Zile chupa za vifuniko vyekundu?"

"Hizo hizo."

"Ninayo nyumbani," alisema daktari. Kwa mara ya kwanza alionekana kama binti wa mtu. "Naipenda. Mama, hakuna aliyekukosea, na wewe hukujikosea kwa makusudi. Lakini mtu mwenye kibofu kama hicho, mara nyingi ndimu, pilipili, tangawizi, kahawa na nyanya humchoma. Siyo wote. Wewe umekuwa unamwagia ndimu kidonda kila alfajiri, ukiona kinauma unaongeza ndimu."

Faudhia aliitazama mikono yake, yenye ngozi ngumu ya siki kwenye ncha za vidole.

"Nitapona kabla ya Shaaban kwisha?"

"Neno kupona silisemi. Unaweza kupata nafuu. Acha hivyo vyote kwa mwezi, kisha urudishe kimoja kimoja tuone kipi kinakuchoma. Kunywa maji matupu, kidogo kidogo, usijinyime. Kila ukisikia haja, jiulize kwanza: naweza kusubiri kidogo? Ukiweza, subiri kidogo. Usijitese. Kibofu kimejifunza kuita ovyo, nacho kinaweza kujifunza kungoja."

"Na achari?"

"Tengeneza. Usionje."

Kwa Faudhia hilo lilikuwa agizo gumu kuliko yote.

*

Lukmani alijitolea kuonja. Alichovya kijiko katika chungu cha kwanza, akasema nzuri. Cha pili, nzuri. Cha tatu, ambacho Faudhia alikuwa hajakitia chumvi kabisa, akasema hicho ndicho kizuri zaidi. Firdausi, binti yao wa kidato cha tatu, alicheka hadi akakaa chini, kisha akajaribu yeye; alionja vyungu viwili akakimbilia maji. Chupa walizouza juma lile zilirudi na maneno. Mteja mmoja aliuliza kama mpishi amebadilishwa.

Yupo aliyekuwa na ulimi, na wote watatu walimjua. Tunu naye alikulia katika achari ya mama yake. Faudhia alikaa siku mbili akijizuia, kisha akapita pazia, akasimama mbele ya gunia la mchele.

"Wifi, naomba unionjee."

Tunu hakuinua macho. "Daktari si amesema nyinyi wazima? Kaka yangu ametembea mji mzima anasema wazima."

"Amesema hatuna maradhi ya kuokota. Amesema utando wa kibofu umeharibika."

"Utando." Tunu alilipima neno. "Nitaonja. Na begi nitafungua mimi."

"Hapana."

"Basi muuze maji ya chumvi."

"Tutauza," alisema Faudhia, akarudi uani.

Kabla hajafunga chungu cha kwanza Tunu alikuwa amesimama nyuma yake na kijiko. Haikuwa huruma. Asingevumilia chupa ya namna ile itoke katika nyumba ya kaka yake huku mji ukijua ni nyumba ya nani.

"Chumvi haijafika," alisema. "Na hizi hazikukauka. Nani aliyeanua mapema hivi? Ongeza. Siyo hivyo, ongeza kama mtu aliyekula. Ngoja." Akaonja, akakunja uso, akatema mbegu. "Sasa."

Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Hawakupatana kwa maneno. Lakini Tunu aliacha kusema sita, na Faudhia, aliyekuwa ameshika mwiko badala ya kijiko, alianza kukaa chini mchana bila kuinuka inuka. Alfajiri zilikuwa ngumu. Alikunywa maji matupu na kuona kama amekosa ibada. Juma la tatu alilala kutoka Isha mpaka adhana ya alfajiri, akaamka akidhani amechelewa jambo. Maumivu hayakuondoka yote. Yalipungua, yakarudi siku moja alipokula mchuzi wa nyanya kwa jirani, yakapungua tena. Daktari alipomwona alisema ni vizuri, na akanunua chupa mbili.

*

Felisiani aliwapakia wanawake saba asubuhi ya safari. Alikuwa amejipanga; alimwambia Faudhia kwa sauti ndogo kwamba atasimama atakapoambiwa, na watu wakiuliza, gari ni bovu. Alisimama Makere, akasimama tena kabla ya Kibondo. Mara zote mbili walishuka wanawake wanne, na hakuna aliyeuliza.

Kwa wazazi wa bibi harusi mkeka ulikuwa umekwisha kutandikwa, na chumba kilijaa hadi mlangoni. Wenyeji walikaa upande wa ukuta, shangazi zake bibi harusi mbele, na katikati yao bibi yake, mkongwe wa Kumsenga aliyeongea Kiha na Kiswahili katika sentensi moja. Faudhia aliketi. Tunu aliketi kuume kwake, katika gauni alilolishona. Begi likawekwa mbele yao.

Alifungua. Alitoa doti ya kwanza ya kanga, akaitanua, akasoma maandishi yake, vigelegele vikapigwa. Akatoa vitenge, akasema kipi ni cha shambani na kipi cha wageni, ili bibi harusi asijifanye hajui. Wakacheka. Akatoa viatu, akasema Nurudini alichagua mwenyewe, na kama havimtoshi wamlaumu yeye. Wenyeji walianza kuulizana kwa chini huyu mama alikuwa wapi siku ya kuleta posa. Siku ya posa alikuwa nyumbani, karibu na choo.

Udi ulipotoka, na manukato, haja ilikuja.

Haikuwa moto wa zamani. Ilikuwa uzito wa kawaida, wa mtu aliyekunywa maji na kukaa. Alijiuliza kama alivyofundishwa: naweza kusubiri? Akasubiri. Akatoa mafuta, akatoa taulo. Akajiuliza tena. Begi lilikuwa bado na zaidi ya nusu ya vitu, na jibu lilikuwa hapana.

Tunu aliona. Alisogeza mkono hadi kwenye ukingo wa begi. "Nipe, wifi," alisema bila kutikisa midomo. "Mimi nipo. Hakuna atakayejua."

Faudhia alifunga kifuniko.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Begi halijaisha. Mimi nina ugonjwa wa kibofu. Naenda chooni, narudi, tunaendelea. Sifichi kitu na simdharau mtu."

Shangazi mmoja wa bibi harusi alimgeukia mwenzake. "Ndivyo wanavyofanya Kasulu?"

Yule mkongwe alikuwa ameshika bega la mjukuu na alikuwa anajaribu kuinuka.

"Yoo, nisubiri, mkwe," alisema. "Nimebana tangu mlipoingia. Niliona haya, nikasema wageni watanionaje." Alisimama, akashika kiuno. "Nani mwingine? Semeni. Ego, ndiyo, nawaona mnavyokaa."

Mtu alicheka mlangoni. Mwanamke mmoja wa Kibondo alisimama, kisha wawili wa Kasulu, kisha yule shangazi aliyeuliza swali, ambaye hakumtazama mtu. Walikwenda uani wakipangana. Tunu alibaki amekaa peke yake mbele ya begi lililofungwa, mikono mapajani, akililinda.

Choo kilikuwa kimoja, cha mlango wa bati. Faudhia alifika wa kwanza na kushika komeo. Nyuma yake mkongwe alikuwa anakuja polepole, anashika ukuta. Faudhia aliachia komeo, akasogea pembeni, akamfungulia mlango.

Mkongwe aliingia. Alichukua muda. Magoti yake hayakuwa mepesi, na alikuwa mtu wa kuongea popote alipo.

"Mkwe," aliita kutoka ndani. "Upo?"

"Nipo, bibi."

"Bado unaweza kusubiri?"

Foleni ilisubiri jibu. Faudhia alijiuliza kwanza, bila haraka, kama mtu anayeangalia chungu kilicho motoni.

"Naweza," alisema.